Trei za Bi Mwanarehema

Wanaopenda hadithi za dawa iliyopatikana wasijisumbue kusoma. Dawa haikupatikana. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikitaja ile maabara ya Magongo, watu huniuliza, "Halafu mkapata dawa?" nami nimechoka kujibu. Ninayetaka kumsimulia ni Bi Mwanarehema binti Boga wa Jomvu Kuu, aliyekuwa akijaza trei nami nikizisoma, miaka miwili mizima, tukiwa tumetenganishwa na mlango mmoja na kiburi changu.

Mimi ni Nguma, mtu wa Junda, Kisauni. Mwaka 1990 niliajiriwa kwenye maabara ndogo iliyofunguliwa nyuma ya zahanati moja hapo Magongo. Ilikuwa na vyumba vitatu, kabati la joto, friji mbili na mashine moja ya kupima rangi ambayo niliilinda kuliko nilivyowalinda watoto wangu. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Achieng, mwanamke wa bara, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alikuwa akiwafuatilia watu waliopatwa na homa, homa ikaondoka, uchovu ukabaki. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikaa mwaka, miaka miwili, mitatu. Mtu akipanda ngazi leo, kesho na keshokutwa hatoki kitandani.

Daktari hakuwa na uwezo wa kuvumbua dawa mpya, wala hakujidanganya. Wazo lake lilikuwa rahisi. Dukani zimejaa dawa za zamani, za minyoo, za kifafa, za presha, za jongo, zinazojulikana kuwa watu huzimeza wasife. Huenda mojawapo inafanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitafuta. Basi tuchukue damu ya wagonjwa, tutoe zile chembe nyeupe, tuziwekee dawa moja moja, tuone ipi inaziamsha.

Kazi yenyewe ilifanywa kwenye trei za plastiki zenye safu za vishimo vidogo, kumi kwa kila safu. Safu moja, mtu mmoja. Kishimo cha kwanza kilitiwa chembe na maji matupu bila dawa, ili tujue hali yake ilivyo. Vilivyofuata vilitiwa dawa tisa kwa mpangilio wa orodha iliyobandikwa ukutani, juu hadi chini. Baadaye ilitiwa rangi ya manjano, na chembe zenye nguvu huigeuza ile manjano ikawa zambarau. Kadiri chembe zilivyo na nguvu ndivyo zambarau inavyokoza, na mashine yangu ikatoa namba kubwa zaidi. Pembeni tuliweka damu ya watu wazima wa afya ili tulinganishe. Hiyo ndiyo sayansi yote, na mtu wa darasa la saba aliweza kuielewa.

Bi Mwanarehema alikuwa mtu wa darasa la nne. Aliajiriwa kuosha vyombo. Lakini babake, Mzee Boga, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Jomvu Kuu, na binti alisoma akahitimu, kisha akawa anamsaidia baba kuwafunza watoto, akiwaandikia mbao zao kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Alikuwa na mkono usiotetemeka. Mtu aliyeajiriwa kujaza trei alipoacha kazi kabla ya trei ya kwanza, Daktari alimpa Bi Mwanarehema lile bomba dogo la kunyonyea, akamwambia ajaribu kwa maji ya rangi. Alijaza safu nane, Daktari akazipima, na matone yote yalikuwa sawa kama yaliyokatwa kwa mashine. Siku hiyo hiyo akapandishwa cheo. Mimi nilinuna, maana nilikuwa na cheti na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka.

Nikiri pia kwamba tulipendana kwa ugomvi. Alikuwa akija na mahamri na mbaazi, ananiwekea mezani bila kuniuliza kama nimekula, halafu ananitazama nikifakamia. "Nyinyi watu wa Junda hamlishwi makwenu?" ananiambia. Namjibu kwamba kwetu wake hawana muda wa kupika, wanalima. Tulizungumza habari za kila kitu duniani. Hatukuwahi kuzungumza habari za trei.

Na kulikuwa na sababu. Mwaka 1991 mumewe, Mwidani, aliingia kwenye orodha ya wagonjwa. Alikuwa mpakiaji kwenye ghala moja la Changamwe, mtu wa kubeba magunia mawili pale wenzake wanapobeba moja. Homa ilimpata mwaka 1989, na tangu hapo hakuwahi kurudi alivyokuwa. Daktari alimpima akasema anafaa, akampa namba kama wengine. Kisha akamwita Bi Mwanarehema, nami nikiwapo.

"Kuanzia leo wewe hutaingia chumba cha kusomea," alisema. "Hutaona kitabu cha namba na Nguma hatakusomea. Sikudharau. Ukiwa na mtu wako ndani ya hesabu, macho yako yanaanza kutafuta unachotaka."

"Abee, Daktari," alijibu Bi Mwanarehema. "Ni haki."

Akaitii amri ile kama sharti la ibada. Akijaza asubuhi, anaziweka trei kwenye kabati la joto, anaondoka. Mimi nazitoa mchana, nazisoma, naandika, kisha naziacha kwenye beseni mlangoni. Kesho yake anaziosha kwa jiki, maana tulikuwa maskini na trei za kutumika mara moja tulizitumia mara ishirini. Sikuwahi kukanyaga chumba cha kuoshea. Mimi si mtu wa vyombo.

Mwidani nilimfahamu kwa kumwona akija kutolewa damu. Nitasema kweli: sikumwamini. Alikuwa na kifua kipana, uso mzuri usio na dalili ya ugonjwa, sauti nzito. Anakaa kwenye benchi anaegemea ukuta kana kwamba amefika posani. Moyoni nilikuwa nasema, laiti mimi ningepata mke wa kunifanyia kazi, nami ningechoka hivyo hivyo.

Nyumbani kwao walikuwa wakisema kwa sauti yale niliyokuwa nikiyasema moyoni. Nduguye mkubwa, Ishaka, alikuwa na shamba la mihogo na minazi nje kidogo ya Jomvu Kuu, na hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa jembe. Alisema wazi mbele ya watu: "Madaktari wamechukua damu yake. Wakisema ana maradhi, mimi nitanyamaza na nitamlisha yeye na nyumba yake mpaka nife. Wakisema hana, atashika jembe kama wanaume wenziwe." Bi Mwanarehema alinieleza maneno haya huku akimenya chungwa, akaongeza, "Wallahi, na wakisema anayo, Ishaka atatimiza. Hasemi ovyo." Kwa hiyo heshima ya mtu mzima ilikuwa imening'inia kwenye namba zangu, na mimi nilijua.

Namba zangu zikasema hana kitu. Si yeye peke yake, wagonjwa wote ishirini na wawili. Kishimo cha kwanza, kile cha maji matupu, kilikuwa kimekoza zambarau kwa wagonjwa sawasawa na kwa wazima. Chembe zao hazikuwa zimechoka hata kidogo. Na dawa ndizo kwanza zilionekana kuwafifisha. Daktari Achieng alirudia safu, akabadilisha rangi, akasafisha mashine yangu mwenyewe kwa pamba, jambo lililoniudhi. Mwezi wa Juni 1992 akawaita wagonjwa, akawaambia kwa upole kwamba hadi sasa maabara haijaona tofauti yoyote katika damu yao, na kwamba ripoti itakamilika Agosti.

Alisema "hadi sasa". Jomvu Kuu ilifika habari kwamba madaktari wamesema ni wazima.

Ishaka alimpitia nduguye Jumatatu asubuhi na majembe mawili. Mwidani hakubisha. Alilima Jumatatu, akalima Jumanne, Jumatano akalima hadi saa nne akakaa chini kwenye tuta, na hakuweza kuinuka. Walimleta nyumbani wamemshika huku na huku. Alilala wiki tano. Mwanga ulimuumiza, akataka madirisha yafungwe. Kijiko cha uji kilimshinda. Ishaka alisema anajifanya, lakini alisema kwa sauti ndogo, na kila jioni alimpelekea dafu.

Bi Mwanarehema aliendelea kuja kazini. Mahamri yalikoma. Na tangu Juni hakumtaja mumewe tena. Nikimuuliza, ananijibu, "Yupo," anageukia bomba lake.

Siku ya mambo yote ilikuwa Alhamisi ya Agosti. Daktari alikuwa amekaa mezani kwangu akimalizia ripoti, mimi nikimsomea kitabu. Jambo moja lilimsumbua. Dawa ya tisa kwenye orodha, kidonge cha zamani kisichokuwa na sifa ya ubaya wowote, ilikuwa ikiwafifisha wagonjwa vibaya sana, namba ishirini, kumi na nane, ishirini na mbili. Kwa wazima haikuwadhuru. Hakuelewa, lakini aliona ni wajibu wake kuwaonya watu. Bi Mwanarehema alipogonga mlango kuulizia beseni, Daktari alimwambia akiwa amesimama pale pale kizingitini:

"Mwanarehema, ile dawa ya tisa usiiguse tena. Itenge kabatini. Inaua chembe za wagonjwa."

"Ya tisa?" aliuliza Bi Mwanarehema. "Hini iachayo mzingo?"

"Mzingo gani?"

"Kwenye kishimo. Nikiosha kwa jiki huacha duara ya rangi ya chai, haitoki hata kwa msasa. Naijua kwa hilo. Kile kishimo cha mwisho, cha mkono wa kushoto."

"Cha kulia," nikasema mimi, bila hata kuinua kichwa. "Cha mwisho ni cha kulia."

"Cha kushoto, Nguma."

"Bibi, miaka miwili nasoma trei hizi. Naanza kushoto na maji matupu, namaliza kulia na dawa ya tisa."

Nikainua kichwa hapo. Alikuwa ameshika fremu ya mlango. Rangi ilikuwa imemtoka usoni na midomo yake ilikuwa ikisogea kama mtu anayehesabu.

"Mimi huanzia mkono wa kulia," alisema.

Nikaona mwenyewe, yote kwa mara moja, kabla hajaeleza. Mtoto aliyeandika mbao za chuo kwa herufi za Kiarabu tangu umri wa miaka sita, ambaye kwake safu yoyote duniani ina mwanzo wake kulia. Aliyeingia kwa mguu wa kulia, akapakua kwa mkono wa kulia, akampa sahani kwanza mgeni aliye kulia. Umpe vishimo kumi visivyoandikwa kitu, aanzie wapi? Orodha ilikwenda juu hadi chini. Trei hazikuwa na namba, zilikuwa na kona moja tu iliyokatwa, juu kushoto, ya kutuzuia tusizipindue, na hatukuzipindua. Daktari alimpima usawa wa matone. Upande hakumuuliza. Na mimi, mwenye cheti, niliyekaa mlango wa pili na mdomo umejaa mahamri yake, sikumuuliza pia.

Nilichokuwa nikikisoma kuwa maji matupu kilikuwa dawa ya tisa. Nilichokuwa nikikisoma kuwa dawa ya tisa kilikuwa maji matupu. Zile ishirini na kumi na nane zilikuwa chembe za wagonjwa zenyewe, bila dawa, zilivyo.

Daktari Achieng aliweka kalamu chini. "Funga mlango," alisema. Kisha, kwa sauti isiyo na huruma, "Mwanarehema, wewe ni mke wa mgonjwa. Umejua ripoti inasema nini. Leo, siku ninapoifunga, unaniambia nimeisoma kinyume. Ungekuwa mimi, ungeamini?"

"Singeamini," alisema Bi Mwanarehema. "Na ukinifukuza una haki, maana nimekuharibia kazi ya miaka miwili. Lakini trei ziko. Mimi siwezi kuzifunza trei kusema uwongo."

"Twende tukazione," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumba cha kuoshea. Kilikuwa safi kuliko chumba changu. Trei zilipangwa rafuni, zaidi ya arobaini, kona zilizokatwa zote upande mmoja. Daktari alianza kuzishusha moja moja na kuzielekeza dirishani. Duara ya rangi ya chai, kushoto. Ya pili, kushoto. Aliendelea hadi ya mwisho, ingawa baada ya kumi sote tulikuwa tumeshaelewa. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini hawezi kutia madoa ya miaka miwili kwenye trei arobaini kwa kipindi cha kugonga mlango.

Tulirudi mezani, Daktari akaniambia nisome kitabu kizima upya, kutoka kulia. Bi Mwanarehema aligeuka kutoka, akiikumbuka ile amri. "Kaa," Daktari alimwambia. Nikasoma. Wazima, maji matupu: sitini na moja, hamsini na nane, sitini na nne. Wagonjwa, maji matupu: ishirini, kumi na nane, ishirini na mbili. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilipofika namba kumi na nne, ambayo mimi na Daktari tulijua ni ya nani na yeye hakuijua, niliweka kidole chini ya mstari. Kumi na moja. Katika watu wote ishirini na wawili, hakukuwa na aliyekuwa chini kama yule niliyekuwa nikimwona anajifanya kwenye benchi. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona kabla wala baada.

Daktari hakumfukuza mtu. Alisema kosa la mpishi na la mwonjaji ni la mwenye jiko. Wiki iliyofuata alinifanya nijaze trei mimi mwenyewe, kuanzia kushoto, kwa damu mpya, na mkono wangu wa kutetemeka ukatoa majibu yale yale. Ripoti ya kwanza aliichana.

Kuhusu dawa ya tisa, ni kweli iliamsha chembe kwenye vishimo, na mwaka uliofuata watu wanane waliimeza chini ya uangalizi wake, Mwidani mmojawapo. Haikuwasaidia. Chembe ikiwa ndani ya kishimo haina ngazi ya kupanda wala kuni za kupasua. Ndani ya mtu mambo ni mengine. Wafadhili waliondoka 1994 na maabara ikafungwa. Lakini hayo ni ya baadaye. Barua ya kumtetea Mwidani kwa nduguye ilikuwa ya Septemba 1992.

Daktari aliiandika kwa Kiswahili, nusu ukurasa, akapiga muhuri. Bi Mwanarehema alikataa kuibeba. "Nikiipeleka mimi, watasema nimeiandika mimi. Nguma, nenda wewe, una sura ya kuchosha, watakuamini." Ilikuwa mzaha wake wa kwanza tangu Juni, nao ulikuwa dhaifu. Tukaenda pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, kwa ile njia ya miguu inayoshuka Jomvu Kuu kati ya makuti.

Mwidani alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito. Ishaka alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, na jembe lake nje.

"Hodi wenyewe," nikasema.

"Karibu, mgeni," alijibu Ishaka. "Umekuja na yapi?"

Nikasoma barua nikiwa nimesimama. Kwamba ripoti iliyotajwa Juni ilikuwa na makosa, na makosa ni ya maabara, si ya wagonjwa. Kwamba chembe za damu za Mwidani zina nguvu isiyofika robo ya zile za mtu mzima wa afya. Kwamba huu ni ugonjwa wa mwili. Kwamba dawa yake haijulikani. Kwamba asilazimishwe kazi nzito, kwani humzidishia.

"Basi ni mgonjwa," alisema Ishaka.

"Ni mgonjwa."

"Na siku tatu zile za shamba?"

Barua haikusema habari za shamba. Ishaka hakungoja. Alisimama, akamtazama nduguye muda mrefu, akasema, "Nisamehe, Mwidani," kisha akatoka, akalichukua jembe lake akaenda nalo. Tangu siku ile hadi tulipopotezana, nyumba ile haikukosa mihogo wala nazi.

Mwidani aliniomba nisome tena. Nikasoma tena, polepole. Nilipomaliza alikuwa amefunika macho kwa mkono.

"Mimi mwenyewe nalikuwa nimeshaamini," alisema. Hakuwa akiniambia mimi. "Kila nikiamka najitukana. Nasema, inuka, mvivu we, mwanamke anakulisha. Nalikuwa nimeshaamini kabisa."

Bi Mwanarehema alikuwa bado amesimama mlangoni na buibui lake hajalivua. Ndiye aliyekuwa amezijaza zile trei, kwa mkono wake, tone kwa tone.

"Hata mimi," alisema. "Tangu Juni."

"Najua," alisema Mwidani. "Nalikuwa nikiyaona mato yako ukinitazama."

Akasogea kidogo kuelekea ukutani, taratibu, kwa kuwa hata hilo lilimgharimu, akampa nafasi ya kukaa.